Kabla Hujapanda Mlingoti: Mwongozo kwa Kijana wa Moshi au Arusha Anayetaka Meli ya Matanga

Kijana aliyekulia Pasua au Majengo, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Mto Karanga wakati wa masika, anaweza kufanya kazi kwenye meli kubwa ya matanga. Meli za mafunzo huchukua watu wasioijua bahari. Ndiyo kazi yao. Statsraad Lehmkuhl ya Norway, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1914, ina urefu wa mita 98 na matanga 22, na mpaka leo vijana huipanda bila kujua omo (mbele ya chombo) ni upande gani na tezi (nyuma yake) ni upande gani. Sørlandet, ya Norway pia, iliundwa mwaka 1927 na bado inafundisha. Mashindano ya kimataifa ya meli hizi yalianza mwaka 1956, kutoka Torbay, Uingereza, hadi Lisbon, Ureno, na kanuni yake kubwa ni kwamba angalau nusu ya mabaharia wa kila chombo wawe na umri wa miaka 15 hadi 25.

Wengi wanaoulizia mambo haya Moshi na Arusha huanzia kwenye pasipoti, au kwa wakala waliyemwona mtandaoni. Huko ni kuanzia mkiani. Mpangilio wangu ni maji kwanza, kisha kamba, kisha usiku, kisha jahazi la Tanga, ndipo karatasi na meli. Hatua za mwanzo ni za bei ndogo, na ndizo zitakazokuambia kama bahari inakufaa. Afadhali uyajue hayo kwenye ngalawa ya Kigombe, pwani ya Tanga, kuliko baba akiwa ameshauza ng'ombe kulipia viza.

1. Jua unaomba nini

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kwenda kama mwanafunzi wa safari. Unalipia nafasi yako, unapewa chakula na mahali pa kulala (Statsraad Lehmkuhl huwalaza wanafunzi kwenye vitanda vya bembea vinavyofungwa darini), na unafanya kazi zote za baharia. Hulipwi. Ya pili ni kuajiriwa, na hiyo inataka vyeti vya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, ule unaoitwa STCW, pamoja na cheti cha afya na kitabu cha baharia. Kwa hapa nchini mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Msingi wake una sehemu nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake melini.

Mwongozo huu ni wa njia ya kwanza. Ukiifahamu tofauti hiyo, matapeli wengi wanakwisha nguvu. Anayekuahidi mshahara mnono kwa uanafunzi, mwache. Anayekuomba umtumie fedha kwa simu ili "akushikie nafasi ya kazi", mwache haraka zaidi: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza mawakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia ajira. Meli ya kweli ina jina, ina bendera ya nchi, ina bandari ya nyumbani, na ina ofisi inayojibu barua pepe kwa anwani yake yenyewe. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la taasisi hiyo tu.

2. Maji

Hapa sitaki mzaha. Usijaze fomu yoyote kabla hujajua kuogelea. Melini utavaa mkanda wa usalama, na jaketi okozi litakuwa karibu, lakini mtu asiyezoea maji huogopa kwa mwili mzima, na hofu hiyo humfuata mpaka juu ya mlingoti ambako hakuna maji.

Hoteli kadhaa za Moshi na Arusha huruhusu watu wa nje kutumia bwawa kwa kiingilio. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi bwawa limejaa watoto na muziki, hujifunzi kitu. Mlipe anayejua akusimamie, hata kama ni kijana mwenzako. Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, maji yake ni safi na ya uvuguvugu, mtu unaona mpaka chini, lakini siku za mapumziko ni mahali pa kuruka kwa kamba na kupiga picha. Fika mapema, na usiende peke yako. Ziwa Duluti, Tengeru, ni zuri kwa kuzoea mtumbwi na kasia huku umevaa jaketi okozi. Ziwa Chala liache: kuta zake ni za mwinuko mkali na kina chake ni kirefu. Mto Pangani una mamba. Na maji yaliyotuama kwa ujumla hubeba kichocho.

Fuata utaratibu huu, wala usiruke. Anza kwa kuzamisha uso na kutoa pumzi majini. Kisha elea chali bila kupiga miguu. Kisha kanyaga maji, yaani simama wima pasipo kugusa chini, mikono ikipapasa polepole. Ukiweza kukaa hivyo dakika 10 huku unaongea na mtu aliye ukingoni, sasa ndiyo uogelee mita 50, staili yoyote. Mwisho rudia yote ukiwa na suruali na shati. Nguo zikilowa zinavuta chini, na siku utakayoanguka hutakuwa na chupi ya kuogelea.

Jambo moja ambalo bwawa la Moshi halitakufundisha ni ubaridi. Ukitumbukia kwenye bahari ya kaskazini ya Ulaya, kifua hujifunga na pumzi hukutoka bila mpangilio kwa dakika ya kwanza. Usijaribu kuogelea wakati huo. Elea, linda mdomo na pua, subiri pumzi irudi. Ukiwa na jaketi okozi, kunja magoti yaje kifuani na ubane mikono mbavuni. Joto la mwili hupotea zaidi kupitia kwapani, mbavuni na kinenani. Mkiwa wengi, kumbatianeni.

3. Kamba

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, nunua mita tano za kamba ya manila yenye unene wa kidole, na nyingine kama hiyo ya katani. Hivyo ndivyo vifaa vyako vya shule. Kama ulipita skauti, una mwanzo mzuri.

Mafundo matano yanatosha. Fundo la nane, linalowekwa mwisho wa kamba isichomoke kwenye kapi. Fundo la kuunganisha kamba mbili za unene tofauti. Fundo la kuzungusha mara mbili kwenye nguzo, la kufunga kitu kwa muda. Mzunguko mmoja kamili na vifundo viwili, la kufungia mtumbwi gatini. La tano ndilo mfalme wao: kitanzi kisichojikaza, ambacho unaweza kumfunga mtu kifuani ukamvuta bila kumbana, na baadaye kikafunguka kwa vidole hata kama kilibeba mzigo.

Hicho kitanzi hufungwa hivi. Shika kamba, acha ncha ya kutosha. Fanya kijitanzi kidogo, upande wa ncha ukae juu ya kamba ndefu. Ingiza ncha kijitanzini kutokea chini. Izungushe nyuma ya kamba ndefu. Irudishe chini ndani ya kijitanzi kile kile. Vuta kamba ndefu huku umeshika ncha. Ukikosea kijitanzi cha mwanzo, fundo lote linafumuka, kwa hiyo hapo ndipo pa kutuliza macho. Ukilijua, lifunge macho yakiwa yamefumbwa, kisha mikono ikiwa mgongoni, kisha mikono ikiwa imelowa na baridi. Umeme ukikatika usiwashe tochi, chukua kamba.

Baada ya mafundo, jifunze kukunja. Kamba nyingi zimesokotwa kuelekea kulia, nazo hukunjwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukizikunja kinyume zinajipinda na kufanya vifundo, na siku ya dharura hazitoki. Kisha jifunze kuifunga kamba kwenye kijiti cha ubavuni mwa meli kwa kuizungusha mfano wa namba nane. Toboa ubao, chomeka kipande cha mpini wa ufagio, ukigongee ukutani, na fanya mazoezi hapo.

Na tabia tatu zinazookoa vidole. Usizungushe kamba yenye mzigo mkononi. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani. Kamba ikianza kukukimbia, usiikamate kwa kiganja kitupu, piga kelele.

4. Usiku

Meli hailali. Watu hugawanywa makundi matatu, kila moja likishika zamu ya saa nne na kupumzika saa nane. Siku ina zamu sita za namna hiyo, na kwa makundi matatu kila kundi litaangukia saa zile zile daima. Maskini wale wa saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Ndiyo maana meli nyingi huigawa zamu ya saa kumi jioni hadi saa mbili usiku vipande viwili vya saa mbili mbili. Zamu zinakuwa saba na makundi yanazunguka. Meli nyingine hazigawi, na unabaki na saa zako safari nzima.

Ndani ya zamu utashika usukani, utakaa mbele kuchunga taa za vyombo vingine, utazunguka meli kukagua moto na maji. Taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo, kijani ni ubavu wa kulia, nyeupe nyuma. Kariri hiyo kabla hujaondoka nyumbani. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinakujia.

Wale waliowahi kubeba mizigo mlimani wana faida kubwa hapa. Safari ya kwenda kileleni Kilimanjaro huanza kama saa sita usiku, na mgumu yeyote, yaani mpagazi wa mlimani, anajua kuvaa gizani, kula bila hamu, kumsikiliza kiongozi na kutembea wakati mwili unakataa. Kama hujapata kazi hiyo, fanya zoezi nyumbani: tega kengele ya saa tano na nusu usiku, vaa gizani, kaa barazani mpaka saa kumi bila simu, na kila nusu saa andika upepo unatoka wapi na mawingu yako wapi. Waarifu wa nyumbani kwanza, wasikudhanie mwizi.

5. Tanga

Hii ndiyo hatua ninayoing'ang'ania, na ndiyo inayorukwa zaidi. Basi la Moshi hadi Tanga hupita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, kama kilomita 350. Kuanzia Korogwe utaona mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ambalo kamba zake zilifunga meli za dunia kabla ya nailoni.

Wakati mzuri unaendana vizuri na shule. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kaskazi huanza kuvuma Novemba au Desemba. Katikati ya misimu, kipindi cha tanga mbili, pepo ni nyepesi na hazina mwelekeo mmoja, ni nzuri kwa kuanzia. Miezi ya Juni na Julai kusi ni kali. Mgeni wa bahari asiende kujaribu. Kwa hiyo mkusanye watu wawili watatu mnaosubiri matokeo, mpange chumba, na mtafute nahodha pale Deep Sea, Sahare, Kigombe, au mshuke mpaka Pangani.

Heshima kwanza. Nenda jioni, vyombo vikiwa vimerudi, si alfajiri watu wakihangaika kutoka.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Mwatokea wapi?"

"Moshi, mzee. Tunaomba kujifunza kazi ya chombo."

"Moshi! Haya, karibu Mangi."

Utaitwa Mangi hata kama wewe ni Mpare. Cheka, kaa chini, kunywa kahawa. Kubalianeni malipo ya siku na chakula kabla ya kupanda, na uliza kama chombo kina majaketi okozi ya wote. Kama hakina, njoo na lako. Nahodha akisema leo hatutoki, hamtoki. Usimbembeleze kwa sababu umelipa.

Kazi ya kwanza utakayopewa ni kufua maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo yanakokusanyika. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mwanagenzi ndiye anayeanza nako. Fanya bila kununa. Huku ukifua, tazama: jinsi watu wanavyoitikiana wakivuta jarari (kamba ya kupandishia) kutweka foromali (mti unaobeba tanga), nani anashika demani, kamba ya kuongozea tanga, lini inalegezwa na lini inavutwa. Jifunze kujua upande wa joshi, upepo unakotoka, kwa shavu na kwa sikio, bila kutazama bendera. Ombeni siku moja mkapige bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, na mtaona kazi ya kukisi tanga la jahazi: foromali nzima inahamishwa upande wa pili wa mlingoti, na kila mtu ana nafasi yake, na anayezubaa hupigwa. Alfajiri toka na umande unaovuma kutoka bara, rudi na matlai unaovuma kutoka baharini. Ukishaielewa hiyo nenda rudi, umeelewa nusu ya biashara yote ya matanga.

Meli kubwa ina kamba nyingi mara mia, lakini upepo ni ule ule. Kijana aliyeshika demani ya mashua hasimuliwi kwa nini tanga linapigapiga.

Na kama baada ya siku chache Tanga unajiona unachukia kila kitu, rudi nyumbani bila aibu. Hujapoteza zaidi ya nauli.

6. Nyumbani

Wazazi wa bara wanaikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996, na wana haki. Usimwambie mama kwamba hakuna hatari. Mwambie kuhusu Concordia, meli ya shule ya Kanada iliyopinduka karibu na Brazili Februari 2010 ikiwa na watu 64, wengi wao wanafunzi. Wote 64 waliokolewa, baada ya kukaa kwenye maboti ya mpira ya kuokolea zaidi ya siku nzima. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kuiacha meli, na kila mmoja alijua pa kwenda. Kisha mpe mzazi orodha ya maswali ya kuuliza meli: ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, mazoezi ya dharura hufanywa mara ngapi, nani anawajibika kwa walio chini ya miaka 18. Meli inayokasirika kwa maswali hayo, iondoe kwenye orodha. Aliye chini ya miaka 18 atahitaji pia ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

7. Karatasi na fedha

Hapa nipite haraka, maana ofisi zina utaratibu wake. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA kwa aliyefikisha miaka 18, pasipoti kutoka Uhamiaji mkoani. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada ilikuwa shilingi 150,000. Viza hutegemea bandari utakayopandia meli, si bendera ya meli, na balozi nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu nauli na malazi ya huko. Beba cheti cha homa ya manjano.

Kwa daktari sema ukweli wote, hasa pumu, kifafa, na dawa unazotumia. Pimwa pia macho ya kutofautisha rangi. Asiyetenganisha nyekundu na kijani anaweza kusafiri kama mwanafunzi kwenye meli nyingi, lakini ni bora ajue mapema kuliko kujenga ndoto ya kuwa afisa wa daraja la meli.

Fedha ndiyo mlima. Meli nyingi zina mfuko wa kuwasaidia vijana wasio na uwezo, lakini hauji wenyewe. Andika barua fupi: wewe ni nani, umefanya nini mpaka sasa (hapo bwawa, kamba na Tanga vinakulipa), una kiasi gani mkononi, unapungukiwa kiasi gani. Ambatisha barua ya nahodha wa Tanga, hata kama imeandikwa kwa mkono kwa Kiswahili; iwekee tafsiri. Mwombaji anayeonyesha ameshafua maji ngamani hawezi kufananishwa na anayeandika kwamba anapenda sana bahari. Kwa kilichobaki, kadi za michango zipo, na ukoo wa Kichaga ukikutana Desemba huwa hauko mbali na kuchangia jambo.

8. Mfuko

Uwe laini, usio na magurudumu. Sanduku gumu halina pa kukaa melini. Kwenye masoko ya Memorial kwa Moshi na Samunge kwa Arusha kuna kila kitu, tena kwa bei ya kuelewana: sweta za sufu, koti la mvua lenye suruali yake, kofia ya kufunika masikio. Epuka jinzi na pamba nzito, zikilowa hazikauki na zinaiba joto. Viatu viwe na soli laini isiyoteleza, vya kufunga. Ndala ni za bafuni tu. Taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, ambao hauharibu macho ya wenzako usiku, utaipata kwa waongoza watalii wanaouza vifaa vyao. Kisu kidogo chenye kamba ya kukifunga kiunoni. Tangawizi, ya kichefuchefu.

9. Siku za kwanza melini

Utatapika. Sikio la ndani linasema unayumba, macho yanasema chumba kimetulia, ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo toka nje, kaa katikati ya meli ambako mwendo ni mdogo, tazama upeo wa macho, tafuna biskuti kavu na unywe maji kidogo kidogo. Vidonge hufaa ukimeza kabla ya kutoka bandarini; ukishaanza kutapika umechelewa. Tapika upande upepo unakoelekea, usije ukajirudishia. Wengi hupona ndani ya siku mbili tatu, na kazi ni dawa kuliko kitanda. Omba kushika usukani.

Usukani una adabu yake. Ukipewa amri, irudie kwa sauti kabla ya kuitekeleza, kisha toa taarifa ukimaliza. Meli kubwa hujibu kwa kuchelewa, kwa hiyo geuza kidogo, subiri, rudisha mapema kabla omo haijafika unapotaka. Mwanafunzi huzungusha sana kisha anaikimbiza dira huku na huku. Amri huenda zikawa za Kiingereza. Zikariri kama ulivyokariri taa.

Kisha kamba. Eagle, meli ya mafunzo ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyoundwa Hamburg mwaka 1936, ina kamba ambazo zikiunganishwa hupita kilomita 8. Hakuna anayezikariri moja moja. Kuna mpangilio: kwenye mlingoti mmoja, kamba za tanga la juu zaidi kwa kawaida hufungwa nyuma zaidi ubavuni. Kila tanga lina kamba za kulitweka, za kushusha pembe zake, na za kulikusanya juu. Zunguka na daftari siku ya kwanza bandarini, chora ubavu mmoja tu, kwa sababu wa pili ni ule ule kinyume. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, atawapima kwa kuwataja kamba na kuwakimbiza. Usishindane kwa kasi. Aliyefungua kamba isiyo yake anaweza kumwangushia mtu foromali.

Kupanda mlingoti ni hiari kwenye meli nyingi za mafunzo, na asikudanganye mtu kuwa asiyepanda si baharia. Ukipanda, toa kila kitu mfukoni. Kagua mkanda wako, kisha mwenzako akukague. Panda upande wa joshi: meli imelalia upande wa pili, hivyo ngazi ya kamba inakuwa na mlalo kidogo, na upepo unakubandika kwenye ngazi badala ya kukubandua. Mikono ishike kamba nene za wima, miguu ndiyo ikanyage vijiti vya mlalo. Aliyepanda mti anajua kushika tawi na kuacha kijiti. Daima viungo vitatu viwe vimeshika, kimoja tu ndicho kinahama. Kabla hujakanyaga kamba ya miguu iliyo chini ya foromali, paza sauti uwaambie waliomo, maana uzito wako unairusha juu na chini nao wanaisimamia. Funga mkanda kabla ya kuanza kazi, halafu lala kwa tumbo juu ya foromali ndipo uguse tanga. Mlingoti wa Eagle hufika kama mita 45. Mara ya kwanza ishia jukwaa la kwanza, pumua, shuka. Kesho upo.

Zamu ya jikoni haikwepeki. Wachaga na Wameru wenye mikono ya kukaanga ndizi wanapendwa haraka, nimeona hivyo.

Safari ikielekea mwisho, omba barua: jina la meli, tarehe ya kupanda na ya kushuka, maili za baharini, kazi ulizofanya, sahihi ya nahodha na muhuri wa meli. Kama una nia ya kuendelea Chuo cha Bahari, hiyo ndiyo karatasi utakayoanza nayo mazungumzo, ingawa waulize wenyewe mapema wanatambua muda wa aina gani. Iombe siku mbili kabla ya kufika bandarini, kwa sababu siku ya kushuka nahodha ana maofisa wa forodha na uhamiaji mezani kwake.